Mipira Tuliyoipiga Msituni

Mize alikuja kwangu Kikwajuni mwezi uliopita, asubuhi, nikiwa nimekaa sebuleni nachagua mchele. Sikumjua mara moja. Nilimuona mwanamke wa makamo, baibui lake limefifia kwa jua, amesimama mlangoni anahema kwa kupanda ngazi, nikadhani ni mtu aliyepotea anauliza nyumba ya jirani. Akacheka, na kicheko kikanitoa shaka. "Shoga, umenisahau?" Tukakumbatiana pale pale mlangoni, sinia la mchele limepinduka miguuni, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kuokota. Nilimtilia chai, nikamkatia mkate wa ajemi, tukaulizana watoto, tukaulizana magoti na sukari, maana ndiyo mazungumzo ya umri wetu sasa. Halafu akaweka kikombe chini akanambia kilichomleta mjini. "Ami Makame kafariki. Tumemzika juzi." Nikamwambia Mungu amrehemu. Akaitikia amina, na hapo ukarudi mwaka mmoja ambao sisi wawili hatujapata kuuzungumza tangu tulipokuwa wasichana.

Mwaka ule nilikuwa nafanya kazi ya kupokea wageni katika hoteli moja ya pwani ya kusini mashariki, mbele kidogo ya Bwejuu. Mwenye hoteli alikuwa mzungu mwenye wazimu wa gofu. Alikuwa amekodi kipande kirefu cha maweni, ile ardhi yetu ya mawe ya matumbawe ambayo hata muhogo huota kwa kulazimishwa, akamwaga udongo, akapanda majani, akachimba mashimo tisa na kuyasimamishia bendera nyekundu. Upande mmoja wa kiwanja palikuwa na jabali lililokatika hadi baharini, upande wa pili msitu wa vichaka uliofungamana kama nywele zisizochanwa. Watu wa kijijini walikiita shamba la majani, na walikuwa wakiuliza kwa ukweli kabisa kinavunwa nini pale. Wanyama hawakuuliza. Kima punju walishuka asubuhi kula machipukizi, wakavuka katikati ya wachezaji kwa dharau, watoto wao wameng'ang'ania matumboni. Kanga walitembea kwa makundi kama wanawake wanaokwenda harusini. Maji ya bahari yakitoka, sululu, ndege wenye midomo mirefu, walishuka miambani kuchokoachokoa, na jua likianza kulegea, paa, wale wadogo wasiofika gotini, walitoka msituni mmoja mmoja, wakasimama kwenye majani mafupi wakitetemesha masikio. Sijapata kuona tena mahali pazuri kama pale. Nikipaota, hata hivyo, huamka nimeloa jasho.

Wafanyakazi wa kike tuliwekwa wawili wawili katika vyumba vya nyuma, karibu na dobi, na mimi niliwekwa na Mize. Chumba kilinuka sabuni na joto la pasi, kuta zake za mawe zilikuwa zikitoa chumvi ukizigusa, na dirisha lilitazama mapipa ya taka, ambako komba walikuwa wakigombana kila jioni. Mize alikuwa mwenyeji wa kijiji kile cha Bwejuu, anahudumia mezani. Alikuwa mrefu, mkimya, na alikula haraka kama mtu anayeogopa kuitwa. Chakula chetu kilikuwa kile kilichobaki kwa wageni, ila siku ya Jumatatu mpishi alitupikia wenyewe: muhogo wa nazi na papa mkavu, au ndizi mbichi na pweza. Tulikula tumekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa nyuma ya jiko. Pale ndipo nilipojifunza mambo yote ya hoteli, kwa kusikiliza tu, maana watu wenye njaa hawapunguzi sauti.

Jumatatu pia ndiyo siku tuliyoruhusiwa kucheza. Msimamizi wa kiwanja, tukimwita Mwalimu Lukas, mtu wa Ng'ambo, kule mjini, ambaye baba yake alitoka bara, alimshawishi mwenye hoteli kwamba wafanyakazi wakiujua mchezo watawahudumia wageni vizuri zaidi. Alitugawia fimbo kuukuu, akatupanga mstari. Wanaume walipiga kwa nguvu wakakosa. Mimi nilipiga, mpira ukaruka hatua chache kama chura. Ikafika zamu ya Mize. Alikuwa amevaa baibui juu ya sare, ushungi ameufunga kwa nyuma, ndara mguuni. Aliitazama ile fimbo, akauliza, "Niangalie mpira au ninapoupeleka?" Mwalimu Lukas akamjibu, "Mpira. Huko utakwenda wenyewe." Akapiga. Sote tuliusikia mlio, mkavu na safi kama kuni inayovunjwa, na mpira ukapanda ukawa mdogo, ukaelea juu ya kiwanja, ukadondoka karibu na bendera. Hakuna aliyepiga makofi. Mpishi alisema tu, "Lahaula."

Kuanzia siku ile Mize alikuwa mtu mwengine. Kila alipopata nafasi alikuwa kiwanjani, nami nikimfuata, kwanza kwa kumsindikiza, baadaye kwa sababu nami niliupenda mchezo, ingawa mchezo haukunipenda. Tulizunguka mashimo yote tisa alasiri, upepo ukipeperusha baibui zetu kama bendera nyengine. Alikuwa akizungumza peke yake akicheza, akiusihi mpira, akiutukana kwa lugha ya kwao ambayo sikuielewa vyema, na nilimsikia akicheka kwa sauti ambayo chumbani hakuwa nayo. Mwisho wa masika, nikiwa nyuma ya jiko na sahani yangu, nilimsikia Mwalimu Lukas ndani akizungumza na mwenye hoteli. "Huyu msichana si wa kubeba sahani," alisema. "Bara kuna klabu inatafuta wanawake wa kuwafundisha. Wamekubali wamuone. Akenda, harudi hapa." Nilikimbia kumwambia Mize. Alikaa kitandani, akaziangalia mkononi zile sugu mpya, akasema, "Baada ya Idi kubwa, basi. Siwezi kumuacha babu kabla ya Idi."

Babu yake, Mzee Pandu, ndiye aliyemlea. Alikaa peke yake katika kibanda cha makuti mwisho wa msitu, si mbali na shimo la saba, akisokota kamba za makumbi. Mara ya kwanza Mize kunipeleka, nilimuamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu, karibu kwenye mawe," akatuangulia madafu ingawa alikuwa akikohoa na mvua ndiyo kwanza zinaanza. Aliuliza mchezo wetu unachezwaje. Mize akamueleza. Akafikiri. "Mnaupiga, halafu mnaufuata wenyewe?" Tukasema ndiyo. "Si mngeuchukua tu mkononi mkaupeleka?" Tulicheka hadi tukamwaga madafu, naye akacheka nasi, mdomo hauna meno, mabega yanatikisika. Kwa hiyo sikuamini nilipoanza kusikia yaliyokuwa yakisemwa kwenye zile ndoo za nyuma ya jiko. Walisema Mzee Pandu ana chui.

Msomaji wa nje ya Unguja huenda asielewe uzito wa maneno hayo. Chui wa kisiwa hiki, wataalamu wanasema ameshakwisha. Wazee wa mashamba hawasemi hivyo. Wao husema chui wapo wa aina mbili, wa msituni na wa kufugwa, na kwamba wa kufugwa hutumwa na mwenyewe kama unavyomtuma mtoto dukani. Akitaka kukutisha, humleta mlangoni kwako. Na husema pia kwamba mwenye chui na chui wake ni roho mbili zilizofungwa kamba moja, akiumia huyu, huumia na yule. Mize alikuwa amesikia hayo tangu anajifunza kutembea. Chuoni, kwenye kusoma Kurani, watoto wenzake walikuwa wakimlilia kama paka akipita. "Babu nlimuuliza mara moja tu," alinambia. "Akanambia, mwanangu, mie hata kuku wananishinda kuwafuga."

Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu, hakuna upepo, bahari imelala. Tulikuwa wawili tu kwenye shimo la saba. Mpira wa Mize ulikuwa umebakisha masafa mafupi kuingia, naye ameinama juu yake, mgongo wangu ukielekea msituni. Nilimuona akiinua kichwa. Uso wake haukubadilika, ila rangi ilimtoka, kama maji yanavyotoka kwenye kitambaa kikikamuliwa. Alitazama nyuma yangu kwa muda, akashusha macho tena kwenye mpira, akausukuma polepole, ukaingia shimoni. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Raya, njoo upande wangu. Usikimbie. Usigeuke." Nilipofika kwake niligeuka. Niliona majani marefu yakitikisika na kutulia. Basi. Nimelisema hili kwa kila aliyeniuliza na nalisema hapa: mimi sikumuona.

Chumbani alinisimulia huku ametazama ukutani. Chui alikuwa amekaa kitako, kama paka anayengoja chakula, madoa yake yamefifia, mwembamba, mzee. "Alikuwa ananitazama mie tu, Raya. Kama ananijua." Nikamwambia huenda ni ngawa, huenda ni mbwa. Akasema, "Mie mtoto wa maweni. Ngawa namjua." Nikamuuliza kwa nini basi haogopi. Akanigeukia. "Naogopa. Simuogopi yeye. Naogopa watu." Tukakubaliana tusimwambie mtu, na hatukumwambia. Lakini wiki iliyofuata wageni wawili wa asubuhi walimkuta paa kwenye majani ya shimo la saba, shingo imevunjwa, tumbo limeliwa. Kabla ya saa ya chakula cha mchana kijiji kizima kilikuwa kinajua. Nyuma ya jiko siku ile hakuna aliyekula. Mpishi alisema, "Mzee ameshindwa kumlisha, sasa anajitafutia." Mtu mwengine akamkonyeza, kwa sababu Mize alikuwa anapita na sinia la glasi. Alipita kichwa juu, glasi hazikugongana hata moja.

Mwenye hoteli alihofia usalama wa wageni wake. Waliitwa wasasi, wale wawindaji wanaosaka nguruwe mashambani kwa mbwa na nyavu, na mmoja wao alikuwa na bunduki. Waliahidi kuja siku ya pili jioni, jua likipoa. Mchana wa siku hiyo Mize alinijia mapokezi, akaegemea meza kama mgeni. "Wakimuua watampeleka wapi?" aliniuliza. Sikumuelewa. "Watamburura mpaka mlangoni kwa babu. Watamtupa pale. Watamwambia, huyu hapa wako. Na babu ataishi vipi kijijini baada ya hapo? Nani atamzika?" Niliposema hatuwezi kufanya kitu, alikuwa ameshatoa ufunguo wa ghala la fimbo mfukoni. Alikuwa amemuomba Mwalimu Lukas, naye akampa bila ya kumuuliza.

Tulichukua ndoo mbili za mipira ya mazoezi, tukazibeba kichwani hadi shimo la saba. Kiwanja kilikuwa kimefungwa, hakuna mtu. Mize aliimwaga mipira kwenye majani, akauelekea msitu, akaanza kupiga. Sijapata kumuona mtu akipiga namna ile. Alipiga bila ya kupumzika, mmoja baada ya mmoja, na kila mpira uliingia vichakani ukagonga mawe, ta! ta! ta!, kama mtu anayebisha hodi kwenye milango mingi. Mimi nilikuwa nampangia mipira, na pale alipochoka kidogo nilishika fimbo nami nikapiga, yangu ikienda ovyo. Kanga waliruka wakipiga kelele. Kima walikimbia juu ya miti. Alikuwa analia huku anapiga, na alikuwa anasema, "Nenda. Nenda zako. Nenda." Ndoo ya kwanza ikaisha. Katikati ya pili alipiga mpira mmoja chini, kwa nguvu zake zote, ukaingia kichaka cha kushoto, na haukulia ta. Ulilia bu, mlio mzito, laini. Niliusikia. Kikafuata kishindo kidogo cha majani, kisha kimya kilichoenea msitu mzima, hata wadudu walinyamaza. Mize alisimama na fimbo hewani. Kwa mbali, upande wa kaskazini, kima walianza kulia ule mlio wao wa kuonyana, ukahamia mbali, ukahamia mbali zaidi, ukapotea. "Amekwenda," alisema. Alitazama viganja vyake vilivyochubuka, akavipangusa kwenye baibui. "Amekwenda, alhamdulillahi."

Wasasi walikuja, wakasaka hadi kiza kikaingia. Mbwa wao walinusa kile kichaka cha kushoto, wakarudi mikia imeingia miguuni. Hawakupata kitu. Mwenye hoteli alifurahi, wageni walirudishiwa kiwanja, na mimi nilidhani tumeshinda. Mize alikuwa amekwenda kwa babu yake jioni ile kumuandalia chakula. Alirudi kesho yake, akafunga mlango wa chumba, akasimama nao mgongoni. "Nimemkuta amelala," alisema. "Amejilaza ubavu. Nkamuuliza, babu, umeanguka? Akakamata mikono yangu, akaifungua, akaitazama hivi." Alinionesha viganja vyake. "Akanambia, umepiga kwa nguvu, mwanangu." Tulitazamana. Nikasema ameona tu sugu, mzee anajua unacheza, alikuwa anakusifu. Maneno yalinitoka haraka sana. Mize alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayekubali dawa asiyoiamini. Kabla ya wiki kwisha Mzee Pandu alikufa.

Alizikwa na watu wengi, Mungu hakumnyima hilo. Ami yake Mize, Makame, mtoto wa mwisho wa mzee, ndiye aliyeikosha maiti ya baba yake. Mimi nilikuwa uani na wanawake, tunamenya vitunguu vya wali wa hitima, Mize ubavuni mwangu. Nyuma ya uzio wa makuti wanawake wawili walikuwa wanachota maji, wanazungumza bila ya kutuona. Mmoja alisema, "Makame ameona alama ubavuni. Duara, nyeusi." Mwengine akasema, "Nani kakwambia?" "Watu wanasema." Ndoo ikajaa, wakaenda zao. Mize hakuinua uso. Aliendelea kukata kitunguu, kikaisha, akakata ubao. Nilimshika kifundo cha mkono, nikamtoa kisu vidoleni.

Hakwenda bara. Mwalimu Lukas alikuja mwenyewe hadi kijijini kumuomba, akakaa barazani na kofia mkononi. Mize akamkaribisha kwa heshima, akampa kahawa, akamwambia amebadili nia. Hakurudi hotelini hata kuchukua nguo zake. Nilimpelekea mimi. Mwaka haujamalizika aliolewa na mvuvi wa hapo hapo, nami nikarudi mjini, na tukawa watu wa kupelekeana salamu. Hoteli yenyewe ilifungwa, ikauzwa, ikafungwa tena. Kiwanja nasikia msitu umekichukua. Nimeishi, nimezaa, nimezika, nimecheka sana maishani mwangu, sina cha kulalamika. Lakini niko jikoni, au sokoni, au nasali, na ule mlio huja, bu, nami husimama nikatega sikio, kana kwamba safari hii nitaweza kuupambanua.

Haya yote yalikuwa chumbani nasi asubuhi ile Kikwajuni, chai inapoa. Mimi ndiye niliyeanza. "Ulimuuliza?" nikasema. Hakuniuliza nimekusudia nani wala nini.

"Ami Makame? La."

"Miaka yote hii? Si mmekaa mtaa mmoja?"

"Mlango kwa mlango. Kila Idi nnakula kwake. Nlikuwa nnakwenda nshajipangia maneno, nikifika tunazungumza pweza, tunazungumza mvua, nnarudi kwangu."

"Ulikuwa unaogopa atakwambia alama ipo."

Mize alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto. "Nlikuwa naogopa atanambia haipo," alisema. "Ikiwa ipo, basi nimemuua babu yangu kwa mkono huu. Na mkono huu nimeunyima kile ulichokuwa unakitaka, Mungu ameona. Nimeshalipa. Lakini ikiwa haipo, Raya? Ikiwa mzee kafa na kikohozi chake, na kule msituni ule mpira umepiga gogo bovu? Basi mie nimekaa Bwejuu umri mzima kwa sababu ya wanawake wawili wanaochota maji."

Nje watoto wa jirani walikuwa wanapiga mpira ukutani. Mize alisubiri wanyamaze, kisha akanisimulia mwisho wa ami yake. Alikuwa ndiye anayemuuguza Ami Makame, wanawe wako mbali. Siku moja kabla ya kufa, mzee alikuwa na fahamu zake zote, akamwita. "Akanambia, Mize, tangu siku ile unataka kuniuliza kitu. Niulize. Nikishakwenda huna wa kumuuliza."

"Ukamwambia nini?"

"Nkamwambia, la, ami, hakuna kitu. Lala. Nkamfunika shuka." Alichukua kikombe, akanywa chai iliyokuwa imeshapoa, akakimaliza chote. Nilingoja. Nilikuwa nimesimama pembeni yake siku ile, niliusikia mlio kama yeye, na sasa mimi tu ndiye niliyebaki ambaye angeweza kumuuliza ulikuwa mlio wa nini. Nilingoja aniulize. Alijifuta mdomo kwa ncha ya ushungi, akasimama, akaniomba nimsindikize Darajani akanunue ubani wa hitima.